Mahali pa Kuuweka Mkono

Vitufe nilivitundika juu, usawa wa macho,
safi kama nguo za sikukuu kwenye kamba.
Ksawery akasema vinapendeza.
Vilipendeza. Tulivitazama tumeketi,
viwiko vimelala kwenye meza ya mbao ya kweli,
wala hakuna kati yetu aliyenyanyua mkono
kwa zaidi ya dakika mbili.

Ndipo akaja Wiesława.

Miaka sitini na minane. Thelathini na mmoja kati yake
kwenye mitambo ya kufuma, hapahapa Łódź,
katika kiwanda ambacho ghorofa yake ya tatu
ndiyo ofisi yetu sasa.
Hakuuliza choo kiko wapi;
alitueleza sisi kilikuwa wapi zamani.
Bega lake la kulia hupanda hadi usawa wa kifua,
likifika hapo linagoma, kama punda darajani.

Nikamvika miwani. Akapiga ishara ya msalaba
kama afanyavyo kabla ya safari yoyote,
na mashine ikafungua madirisha manne:
paji la uso, kifua, bega, bega.
Akacheka. Sisi tukaandika.

Ni mtu wa kusema kwa mikono.
Nikamsifu kidogo, akanipuuza kwa kiganja, "aa, wapi!"
na chumba kizima kikafutika,
kuta, taa, na lile dirisha nililolichora wiki tatu
pamoja na mvua yake.

"Bonyeza cha kijani," nikamwambia.
Mkono ukapanda, ukafika kifuani, ukasimama.
Akauinua kwa mkono wa pili,
ameushika kiwiko kama abebaye mtoto wa jirani.
Dakika ya nne vidole vikatetemeka.
Na kitufe, kisicho na ngozi wala ubaridi,
hakikumjulisha kama amekigusa.
Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi;
hawakusema kama unauma.
Unauma.

Mbele yake palikuwa na meza. Niliichora mimi,
mwaloni, yenye mistari ya umri na doa la kahawa.
Akafanya ambalo angefanya yeyote mwenye akili zake:
akauegemeza mkono apumzike.

Meza haikuwapo.

Ksawery alimdaka kiunoni.
Miwani ikaning'inia kwenye sikio moja.
Hakukasirika. Aliomba chai, akaipuliza,
akauliza mara moja tu:
"Na mkono ukichoka, mmeupangia kukaa wapi?"

Kwenye karatasi ya mradi tulikuwa tumejisifu
kwamba tunaunga mkono lugha kumi na nne,
tunaunga mkono miwani ya kampuni sita.
Kila kitu tulikiunga mkono
isipokuwa mkono.

Usiku ule nikavianua vyote
kama mtu aliyesikia radi.
Nikavishusha hadi mapajani,
vimeinama kidogo, pale mkono unapoanguka wenyewe
ukiwa umelisahau gazeti.
Nikafuta kupunga. Nikafuta kusukuma hewa.

Ishara aliileta yeye, Alhamisi, bila kuombwa:
kiwiko kimebanwa ubavuni, kifundo kimenyooka,
dole gumba na cha shahada vinakutana,
"hivi ndivyo tulivyokamata uzi uliokatika."
Ngozi juu ya ngozi. Angalau kidole kinagusa kitu,
hata kama kitu chenyewe ni kidole.
Macho yakachagua, vidole vikakubali,
cha kijani kikawaka.

Nilikaribia kushangilia. Akavua miwani.
"Hata huu," akasema, "ufanye mara elfu tisa kwa siku,
kisha njoo tulinganishe madole gumba."
Akanionesha lake. Limepinda kama mpini wa kijiko cha zamani.

Kwa hiyo nimeongeza kitu kimoja, kidogo,
hakina rangi wala jina:
kipande cha mapaja, upana wa viganja viwili,
ambamo mkono ukitulia
mashine inajifanya haioni.
Unaweza kujikuna. Unaweza kuhesabu siku kwa vidole,
kumkasirikia mtu aliyekufa,
kusokota uzi usiokuwapo,
na hakuna kinachofunguka.

Ksawery ameiandika kwenye orodha ya kasoro,
nambari mia mbili na kumi na saba.
Sijairekebisha.